Kamba wa tangini: kumsaidia ajivue gamba salama

Ukikuta gamba jepesi, tupu na angavu limelala mchangani, usilitoe. Kamba wako hajafa, amejivua tu. Aliyekufa huwa na nyama ndani na hugeuka rangi ya waridi. Liache, kamba watalitafuna na kurudisha madini mwilini.

Kamba mwekundu, Neocaridina davidi, akishakomaa hujivua takriban kila wiki 3 hadi 6. Wachanga hujivua mara nyingi zaidi. Baada ya hapo mwili hubaki laini kwa siku moja au mbili, naye hujificha, kwa hiyo panda majani ya majini ya kutosha.

Kinachowaua zaidi ni maji. Bomba la Kampala na Entebbe huleta maji ya Ziwa Viktoria, ambayo ni laini: kalsiamu na magnesiamu ni kidogo. Caridina nilotica, kamba mdogo anayenaswa pamoja na mukene (dagaa wa ziwa hilo), ameyazoea. Huyu mwekundu, mwenye asili ya Asia ya Mashariki, anataka ugumu wa maji (GH, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu) wa digrii 6 hadi 8. Pima, usikisie.

Kupandisha digrii 4 kwenye pipa la lita 100 la maji mapya, tia gramu 9 za jasi safi (ya kalsiamu, kamwe si ile ya ujenzi) na gramu 4.5 za chumvi ya Epsom (ya magnesiamu). Jasi huyeyuka taratibu. Koroga, subiri maji yawe maangavu, kisha pima tena. Maganda ya mayai tunayoyasikia yakisifiwa huyeyuka polepole mno, tena magnesiamu yake ni kidogo sana.

Klorini iondoe kwanza kwa dawa yake. Badilisha asilimia 10 hadi 15 tu kwa wiki, maji mapya yawe na joto lile lile na yaingie tone kwa tone kupitia mpira mwembamba uliofungwa fundo. Maji mengi ya ghafla humlazimisha kamba ajivue kabla gamba jipya halijawa tayari. Hapo ndipo inapoonekana pete nyeupe kumzunguka nyuma ya kichwa: gamba limepasuka pande zote badala ya kufunguka mgongoni, na wengi hushindwa kutoka. Usimvute wala kumbandua, utamrarua. Waokoe waliobaki: pima GH, na ikiwa chini, ipandishe kwa digrii 1 kwa siku, isizidi.

Jike akijivua, madume huogelea huku na huko wakimtafuta. Siku hiyo usiguse maji kabisa. Akibeba mayai kisha akajivua mapema, huyatupa pamoja na gamba.