Kunyoosha kigimbi: usisahau kukunja goti

Nimekuwa nikinyoosha vigimbi kwa kusukuma ukuta, mguu wa nyuma umenyooka, kumbe ni nusu tu ya kazi. Ukimaliza sekunde 30 hivi, usibadilishe mguu kwanza. Likunje kidogo goti la mguu huo huo wa nyuma, kisigino kikiwa bado chini, kisha shikilia sekunde 30 nyingine. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Ule wa nje, gastroknemiasi, huanzia juu ya goti kwenye mfupa wa paja, ndiyo maana huvutika goti likinyooka. Ulio chini yake, soleasi, huanzia chini ya goti, na yote miwili huishia kwenye kano moja la kisigino. Ukikunja goti, wa kwanza unalegea na mvuto unahamia kwa wa pili. Utausikia ukishuka karibu na kisigino.

Haifanyi kazi kisigino kikinyanyuka, hata kidogo, au vidole vikigeukia nje (kosa la wengi, mimi nikiwemo). Na kama unachohisi ni kubanwa mbele ya kifundo cha mguu badala ya kuvutika nyuma, basi kizuizi ni kiungo chenyewe, si msuli. Kuongeza muda hakutasaidia. Kano likiwa limevimba au linauma, acha kabisa. Mimi huliweka zoezi hili mwishoni, si kabla ya mbio fupi, maana kunyoosha kwa muda mrefu kunaweza kupunguza kidogo nguvu ya msuli kwa wakati huo.