Somo: Kufunga kwa vipindi kwa watu wa chuma, bila kupoteza misuli

Wakuu, salaam. Wengi mmeomba somo hili, kwa hiyo leo tulimalize. Nazungumzia 16/8, yaani masaa 16 bila chakula na masaa 8 ya kula. Kwa wapiga chuma, mpangilio huu ulienezwa zaidi na Martin Berkhan wa Uswidi kupitia mfumo wake wa Leangains, na tangu hapo kila jimu ina mtu anayeufuata, wengi wao nusunusu.

Tuelewane jambo moja kwanza. Mafuta hayapungui kwa sababu tu hujala asubuhi. Yanapungua kwa sababu mtu mwenye masaa machache ya kula kwa kawaida huishia kula pungufu ya kile mwili unachotumia. Na mwili ukipungukiwa haugusi mafuta peke yake, unachukua na misuli, mpaka uupe sababu mbili za kuibakiza: mzigo mzito na protini ya kutosha.

Utafiti unaonyesha hivyo hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Italia walichukua wanaume 34 waliozoea kunyanyua vyuma. Nusu yao walikula ndani ya masaa 8, yaani saa 7 mchana, saa 10 jioni na saa 2 usiku. Baada ya wiki 8 mafuta yao yalishuka kwa wastani wa asilimia 16 hivi, misuli ikabaki, nguvu ikabaki. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine wa San Francisco wenye watu 116, ambao karibu nusu yao waliambiwa tu wale kati ya saa 6 mchana na saa 2 usiku, bila programu ya chuma wala hesabu ya protini. Uzito wao ulipungua kidogo sana, na kwa wale waliopimwa kwa kina, sehemu kubwa ya kilichopungua haikuwa mafuta. Masaa ya kufunga yanafanana, ila kundi moja lilikuwa na chuma na lingine halikuwa nacho.

Hatua ya 1: Jiulize kama linakuhusu

Mjamzito, anayenyonyesha, kijana ambaye bado anakua, aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kula na kutapika: hapana. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi asianze bila daktari wake, kwa sababu dawa hizo zinaendelea kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu, na mtu anaweza kuanguka akiwa chini ya chuma. Mwenye vidonda vya tumbo naye aongee na daktari kwanza.

Hatua ya 2: Dirisha (masaa yako 8 ya kula) lifuate mazoezi

Watu wengi wanaruka kifungua kinywa kwa sababu ndivyo walivyosikia, halafu wananyanyua saa 12 asubuhi na kukaa bila kitu mpaka saa 7 mchana. Sipendi mpangilio huo kabisa. Misuli inabaki tayari kupokea protini kwa siku nzima au zaidi baada ya mazoezi, kwa hiyo kuchelewa saa moja au mbili hakuna shida, lakini masaa sita ni kujitesa bila faida.

Ukipiga tizi jioni baada ya kazi, fungua saa 7 mchana na ufunge saa 3 usiku. Huu ndio mpangilio rahisi kuliko yote: unaingia jimu saa 11 ukiwa na mlo mmoja tumboni, unatoka unakula, unalala umeshiba. Ukipiga asubuhi, kula kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Utakosa chakula cha usiku na familia, na kwa wengi hilo ndilo linalowashinda. Kama nyumbani kwenu mezani usiku ndipo mnapokutana, hamisha mazoezi badala ya kugombana na watu wako.

Hatua ya 3: Protini, na hapa tukae

Lengo ni gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mwenye kilo 75 anahitaji gramu 120. Ukizigawa kwa milo mitatu ni 40 kila mlo, na gramu 40 ni nyingi kuliko mnavyodhani.

Angalia sahani ya mtu aliyefunga tangu jana anapofika kwa mama ntilie. Wali umepanda mlima, maharage vijiko vitatu, kachumbari, nyama vipande viwili vidogo vinavyoelea kwenye mchuzi. Anamaliza, ameshiba, amepata labda gramu 20. Usiku anarudia kwa ugali na mchicha. Siku imeisha na hajafika nusu ya anachohitaji, halafu baada ya mwezi anashangaa mikono imenywea huku kitambi kipo.

Mwambie mama apunguze wali na akujazie maharage, kikombe kizima kilichopikwa kina gramu 15 hivi. Kijana wa mayai ya kuchemsha akipita na trei yake, chukua matatu, hizo ni 18. Malizia na glasi ya mtindi, 8. Umefika 41 bila kununua kopo la poda ya protini.

Baada ya jimu: samaki au kuku wa gramu 150 baada ya kupikwa na kutoa mifupa, anakaribia 40. Hapa ugali wako ule kwa raha, misuli imetumia wanga na inautaka urudi. Mlo wa mwisho: dagaa wakavu gramu 30 (karibu 18, na bei yake kila mtu anaimudu), mayai mawili, glasi ya maziwa. Dagaa tunawadharau bure, kwa mpiga chuma mwenye mfuko mwembamba sijaona kinachowashinda.

Hatua ya 4: Shuka taratibu

Wiki ya kwanza funga masaa 12. Wiki ya pili 14. Ukiona umezoea, nenda 16. Wakati wa kufunga kunywa maji, kahawa chungu au chai ya rangi bila sukari. Kwa sisi wa joto la Pwani, chumvi kidogo kwenye maji inasaidia kichwa kisiume na kizunguzungu kisikupate, ila mwenye presha aache.

Hatua ya 5: Chuma kibaki kizito

Kosa kubwa hapa ni kushusha uzito na kupiga marudio mengi ili "kukata", yaani kuondoa mafuta misuli ionekane. Mwili unabakiza misuli unayoihitaji kwa mzigo mzito, na ukiuondoa mzigo umeuondolea sababu. Baki na skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani), benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali), dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) na kuvuta, marudio 5 hadi 8 kwa kila seti, yaani kila mkupuo kabla ya kupumzika. Ukichoka punguza seti, toka nne hadi tatu, lakini kilo zibaki palepale.

Hatua ya 6: Pima

Uzito asubuhi baada ya choo, kiuno kwa utepe usawa wa kitovu, na daftari la kilo unazonyanyua. Mwenye kilo 80 apungue gramu 400 hadi 800 kwa wiki. Kilo za benchi zikishuka wiki mbili mfululizo huku unalala vizuri, ongeza chakula.

Maswali ya wanachama

*Kocha, chai ya maziwa asubuhi inaharibu funga? Bila chai siwezi kufungua duka.*

Ndugu yangu, chai ya maziwa na sukari ni chakula, hasa tukihesabu vijiko vyetu vya sukari. Jaribu ya rangi yenye tangawizi au mdalasini kwa wiki moja. Ikikushinda kabisa, fungua dirisha lako na hiyo chai na umalize kula mapema jioni.

*Mimi ni dada, nanyanyua miaka miwili sasa. Nasikia kufunga kunavuruga homoni za wanawake.*

Dada, swali zuri. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa wanawake 40 wanaofanya mazoezi ya chuma, wiki 8, wengine wakila kati ya saa 6 mchana na saa 2 usiku. Waliongeza nguvu na misuli sawa na wenzao wasiofunga. Kinachovuruga hedhi zaidi ni kula kidogo mno kwa muda mrefu. Mzunguko ukianza kuruka, acha kufunga, ongeza chakula na umwone daktari. Usisubiri uruke mara ya pili.

*Ni kweli masaa 16 yanafanya seli zijisafishe?*

Seli zinajisafisha kila siku, na njaa huongeza kazi hiyo. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Nobel mwaka 2016 kwa kuchambua jinsi inavyofanyika, na uchunguzi wake mkuu ulikuwa kwenye hamira. Anayekwambia saa ya 16 ndiyo kengele inapolia kwa binadamu anakuuzia kitu.

*Mkuu, Ramadhani tufanyeje? Huwa napoteza kila kitu.*

Funga ya Ramadhani ni tofauti kwa kuwa maji pia hayapo, na ni ibada, kwa hiyo mazoezi ndiyo yanayojipanga. Kwa ukanda wetu ni masaa 13 hadi 14 tu. Futuru kwa tende, maji na kitu chepesi, sali, nenda jimu baada ya tarawehe, kisha kula mlo wako mkubwa. Daku usiliache, na liwe na mayai, maziwa au samaki wa jana. Uji peke yake hautoshi. Piga siku tatu kwa wiki, uzito uleule, seti pungufu. Anayetaka kupiga kabla ya magharibi afanye dakika 30 za mwisho na aache rekodi mpya kwa Shawwal.

*Nina kilo 58, futi 5 na inchi 10, nataka mwili ujae. Nianze na 16/8 ngapi kwa wiki?*

Sifuri, mdogo wangu. Wewe unahitaji milo minne na hamu ya kula unayo sasa. Anza asubuhi na uji wa maziwa uliotiwa karanga za kusaga, na mayai. Tukutane kwenye somo la kuongeza mwili, leta na daftari lako la skwati.

*Nalinda usiku, natoka saa 12 asubuhi. Dirisha langu liwe lini?*

Anza kuhesabu unapoamka, kaka. Ukilala mpaka saa 7 mchana, kula saa 8, piga chuma saa 10, kula ukitoka, na mlo wa mwisho saa 4 usiku ukiwa lindoni. Beba chakula chako kwenye hotipoti, maana saa hiyo karibu na geti kinachouzwa ni chipsi tu.