Somo: Vituo vya afya kujifunza pamoja (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila juma naulizwa vituo vya afya vinawezaje kufuata shabaha moja na kujifunza pamoja, basi naliandika mara moja. Njia yenyewe ilianzishwa na Institute for Healthcare Improvement ya Marekani mwaka 1995. Vituo vya Ibanda, Kadutu na Bagira, hapa Bukavu, vinaweza kuifuata bila mradi wowote.

1. Chagueni shabaha moja. Mfano: kila mzazi apate oksitosini (dawa ya kuzuia kutoka damu nyingi), yuniti 10, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka.

2. Kila kituo kitoe titileri (muuguzi mkuu wa kituo), mkunga na mwenye kujaza rejista.

3. Kubalianeni kipimo. Hapa ndipo mitandao ya vituo hufia. Andikeni mnahesabu nani: wazazi wote waliojifungulia kituoni, si wale tu ambao karatasi zao zimejaa. Kituo kikiwaacha waliozaa usiku, asilimia itapanda na hakuna mama aliyepona zaidi. ONYO: msifunge namba hizi na primu (nyongeza ya malipo). Siku namba itakapogusa mfuko wa mtu, rejista zote zitapendeza na ninyi hamtajifunza kitu. ONYO la pili: msibadilishe kipimo katikati ya safari.

4. Jaribuni kidogo: mkunga mmoja, zamu moja. Panga, fanya, chunguza, rekebisha, rudia.

5. Chora mstari wa kipimo chenu ukutani. Nukta sita mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati (wenye nusu ya nukta juu na nusu chini) ni badiliko la kweli. Nukta moja iliyopanda si kitu.

6. Kutaneni mara tatu hivi katika mwaka au mwaka na nusu. Katikati, tembeleaneni.

MASWALI

— Nitumie fomu tayari ya kujaza.
Soma hatua ya 3. Fomu hufuata kipimo.

— Na asiyefikia asilimia, mnamwadhibu vipi?
Hatumwadhibu. Onyo la kwanza, tafadhali.

— Dokta, kwetu wazazi ni wachache, asilimia inarukaruka. Tufanyeje?
Asante dada, hilo ni swali la mtu aliyeanza kazi. Acha asilimia. Kila mzazi anapokosa dawa, hesabu wangapi walipita salama tangu aliyekosa kabla yake. Hesabu ikirefuka, mnasonga mbele. Niletee mchoro wako tuusome pamoja.

— Umeme ukikatika, oksitosini inaharibika.
Inataka nyuzi 2 hadi 8. Iwekeni kwenye friji ya chanjo, katika kisanduku chake chenye jina.

— Nyongeza: sisi tunasoma kipimajoto asubuhi na jioni, hata Jumapili.
Vizuri sana, mama. Mkitembelewa, waonyesheni wenzenu hiyo karatasi.