Masta ya sayansi ya siasa: tafuta swali kabla hujatafuta chuo

Kila mwaka kuna mtu ananiuliza masta ya siasa nikasome wapi, mi namuuliza kwanza unataka kujua nini, ananiangalia kama nimemkwepa. Sijamkwepa jamani. Hii kozi wengi hawafi darasani, darasani utapigwa nadharia za siasa, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa na mbinu za utafiti, utalia kidogo ila utapita. Wanakwama kwenye disateshen, ule utafiti wako mwenyewe unaouandika mwishoni, kwa sababu walikuja na mapenzi ya siasa ila hawakuja na swali.

Mi mwenyewe niliingia na mada inaitwa demokrasia Afrika. Supavaiza akasoma ukurasa mmoja akauliza Afrika ipi na mwaka gani, basi nikakaa miezi minne napunguza, Afrika ikawa Tanzania, Tanzania ikawa wilaya mbili, wilaya mbili zikawa kata tatu, na muda wote huo ada inasoma. Hiyo kazi ya kupunguza ifanye ukiwa bado nyumbani, ni bure.

Tuchukue mfano. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa 1991 kuwauliza Watanzania wanataka chama kimoja au vyama vingi, ilikuta zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, ila ikapendekeza vyama vingi na 1992 sheria ikabadilishwa. Hapo una stori tu, swali bado. Swali ni kwa nini chama ambacho wengi walikuwa upande wake kikakubali kufungua mlango, hapo sasa unajua utafute nyaraka zipi na umhoji mzee gani kabla hajaondoka. Au viti maalum, vile vya wanawake bungeni visivyo na jimbo: wabunge wangapi walioingia kwa njia hiyo walikuja kushinda jimbo baadaye, na kilichowabeba ni nini? Majina yapo, Hansadi (kumbukumbu za mijadala ya bunge) zipo, matokeo ya uchaguzi yapo, unakaa unahesabu.

Ukishapata swali, chuo utakiona chenyewe. Angalia nani anafundisha kitu kinachofanana na chako, soma alichoandika, ndo uombe. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara inaitwa Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma, Nairobi na Makerere nao wana idara ya jina hilohilo, si ajabu, vyuo hivi vitatu vilikuwa chuo kimoja cha Afrika Mashariki toka 1963 mpaka 1970. Kwa huku bongo GPA (wastani wa alama za digrii ya kwanza) ya 2.7 kwenda juu ndo inakupa nafasi ya kuomba bila kuzungushwa, na kama digrii yako ya kwanza umeitoa nje ya nchi pitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mapema waitambue, usisubiri wiki ya mwisho.

Hela. Skolashipu ya Chevening ya Uingereza inalipa kila kitu kwa masta ya mwaka mmoja, ila wanataka uwe na masaa 2,800 ya kazi (kama miaka miwili hivi) na ukimaliza urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Ujerumani DAAD, shirika lao la skolashipu, wana programu ya Helmut Schmidt, ya sera za umma na utawala bora, na wanakufundisha Kijerumani kabla ya masomo. Kwenye zile insha usiandike unataka kuleta mabadiliko, kila mtu anaandika hivyo, andika lile swali lako na kazi uliyowahi kufanya inayogusana nalo.

Halafu takwimu. Najua wengi tulikuja siasa tukiikimbia hesabu, kumbe imetutangulia inatusubiri. Data za Afrobarometer, wale wanaouliza maoni ya wananchi nchi nyingi za Afrika, unashusha bure na Tanzania imo tangu duru ya kwanza, programu ya takwimu ya R nayo bure, chukua swali moja la imani kwa bunge linganisha mjini na kijijini, ukifanya hivyo jioni mbili tatu kwa wiki utaingia darasani umetulia. SPSS, programu nyingine ya takwimu, wataifundisha, we tangulia.

Ukifika fildi utaona siasa ambayo haipo kwenye vitabu. Barua ya chuo inaenda kwa RAS (katibu tawala wa mkoa), RAS anakupeleka kwa DAS (katibu tawala wa wilaya), DAS kwa mtendaji wa kata, na kila meza ina muhuri wake na kila muhuri una siku yake, kwa hiyo kwenye ratiba tenga wiki kadhaa za kukaa kwenye mabenchi tu. Zanzibar wana kibali chao, usiende na cha bara ukadhani kinatosha. Kenya kibali unakipata NACOSTI, tume yao ya sayansi. Mgeni anayekuja kufanya utafiti Tanzania aanzie COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Na siku ya kwenda kwa mtendaji usivae shati la kijani wala gwanda, watakuona mtu wa chama, nasema kweli, vaa jeupe.

Supavaiza naye ana wanafunzi kibao, usimtumie sura nzima ya kurasa arobaini halafu ukakaa kimya miezi miwili unamlaumu. Tuma kurasa kumi, omba nusu saa, na mkimaliza kikao jioni hiyohiyo mwandikie imeili fupi mmekubaliana nini, maana mwezi ujao atakuwa kasahau na atakwambia badilisha kilekile alichokwambia uweke.