Viza ya Australia kwa alama: nianze kukuuliza umezaliwa lini

Siku niliyotimiza miaka 33 nilipokea salamu nyingi za heri na nikapoteza alama tano. Nilikuwa Dar, nasubiri barua ya uthibitisho wa kazi kutoka kwa mwajiri wangu wa kwanza. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja, lakini ilizunguka meza kwa meza wiki kumi na moja. Australia huchagua wataalamu wa kigeni kwa kuwahesabia alama, na mwenye miaka 25 hadi 32 inampa alama 30 za umri. Ukigonga 33 zinakuwa 25, ukigonga 40 zinabaki 15, na ukifika 45 hualikwi tena. Umri unaohesabiwa ni wa siku unayoalikwa kuomba viza. Siku uliyoanza kuhangaika haiwahusu. Ndiyo maana wahandisi vijana wakinipigia, "Dada, naanzia wapi?", mimi huwauliza tarehe ya kuzaliwa kabla hata ya kuuliza wamesomea nini.

Chukua karatasi na penseli. Yangu ilisomeka hivi: umri 30, shahada ya kwanza 15, uzoefu wa miaka saba nje ya Australia 10 (miaka mitatu ingenipa 5, minane 15), Kiingereza 10, kutokuwa na mume 10. Ndiyo, mtu asiye na mwenzi anapewa alama 10. Shangazi zangu wa Korogwe mpaka leo wanadhani nawatania. Jumla 75. Baada ya bethdei, 70.

Ukiwa chini ya 65 huruhusiwi hata kujiandikisha kwenye foleni. Ukizifikisha unaingia foleni, ila wanaoitwa ni wale wa mbele, na wa mbele huwa na zaidi ya hizo. Viza zenyewe ni tatu, na zinajulikana kwa namba. Ya 189 unaomba kwa alama zako mwenyewe. Ya 190 unateuliwa na jimbo na kuongezewa alama 5. Ya 491 unaongezewa 15, lakini ni ya miaka mitano, na lazima uishi na kufanya kazi nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Ukitimiza miaka mitatu na masharti yake, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu kupitia viza ya 191. Mimi nilikuja Adelaide kwa 491.

Kabla ya yote hayo, taaluma yako lazima ipimwe na chombo chake. Wauguzi huenda ANMAC, watu wa kompyuta ACS, sisi wahandisi Engineers Australia. Kwenye orodha yao ya kazi mhandisi wa ujenzi ana namba 233211, na kila fani ina namba yake. Yasome maelezo yake vizuri, maana cheo kilichoandikwa kwenye mkataba wako hakina uzito kama kazi unazofanya kila siku.

Hapa ndipo nilipotoa jasho. Kwa shahada yangu ya nyumbani nilitakiwa kuandika simulizi tatu za miradi niliyofanya, kila moja maneno 1,000 hadi 2,500, aya zikiwa na namba. Simulizi yangu ya kwanza ilihusu kalavati la barabara ya changarawe lililokuwa likizidiwa na maji kila masika. Nikaandika kama tunavyoandika ripoti zote: tulipima, tulikokotoa, tulishauri. Rafiki yangu aliyenitangulia akairudisha na kila "tu" imezungushiwa duara jekundu. "Hapa wewe ulifanya nini?" Kwetu, ukijitaja wewe mwenyewe mbele ya fundi mkuu unaonekana una majivuno. Huku mpimaji anatafuta mtu mmoja. Nikaandika upya: nilikokotoa mtiririko wa maji kutoka eneo la mteremko, nikapendekeza matundu mawili badala ya moja, mkandarasi akapinga kwa sababu ya gharama, nikamwonyesha hesabu. Sentensi zilinikaa vibaya mdomoni, lakini zilikuwa za kweli. Na usinunue simulizi kwa mtu. Wana programu ya kubaini nakala, na ukinaswa unafungiwa.

Uzoefu wa kazi nao unataka ushahidi. Barua ya mwajiri itaje cheo, tarehe, saa za kazi kwa wiki na majukumu, kisha uiunge mkono na hati za mshahara, taarifa ya michango ya NSSF na karatasi za kodi. Miaka inayohesabiwa ni ile iliyo ndani ya kumi iliyopita. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa Kiswahili, ikabidi utafsiriwe, na mfasiri akaweka jina lake kamili, anwani, simu na sifa zake za kazi hiyo.

Kiingereza nisikuchoshe. Kwa mtihani wa IELTS, 6 kila sehemu inakupa sifa ya kuomba lakini alama sifuri. Saba kila sehemu ni alama 10, nane ni 20. Neno zito ni "kila". Mara ya kwanza nilipata 8 ya kusikiliza na 6.5 ya kuandika, nikarudi na sifuri.

Sasa Kiswahili. Wengi hawajui kuwa lugha hii tuliyozaliwa nayo ni alama 5. NAATI, chombo cha Australia cha wafasiri na wakalimani, kina mtihani unaoitwa CCL, na Kiswahili kimo kwenye orodha yake. Unafanyika mtandaoni. Ada yake ni kama dola 800 za huko, kwa hiyo usiende kujaribu bahati. Unasikia mazungumzo mawili kati ya mtu wa Kiingereza na wa Kiswahili, kipande kwa kipande, kila kipande kisichozidi maneno 35, nawe unakalimani pande zote mbili. Alama za mtihani wenyewe ni 90 na kufaulu ni 63, na kila mazungumzo upate angalau 29 kati ya 45. Piga hesabu: 29 mara mbili ni 58, unaanguka.

Nilidhani ni mteremko. Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nikamwomba anisikilize kwa simu jioni. Dakika mbili tu akanikata: "Mwanangu, hicho ni Kiswahili cha wapi?" Nilikuwa nimesema mgonjwa ana apointimenti na dipoziti ya nyumba haijarudishwa. Akanitengenezea daftari: miadi, amana, mkataba wa upangaji, dhamana, mlalamikiwa, fidia. Tulibishana juu ya rufaa, maana mgonjwa anapewa rufaa kwenda hospitali kubwa na mfungwa anakata rufaa mahakamani, kwa hiyo ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza lazima ujue uko wodini au kizimbani. Wiki sita, kila jioni baada ya Isha. Siku ya mtihani niliomba kurudiwa kipande kimoja (kwa kila mazungumzo unaruhusiwa mara moja bila kukatwa), nikapata 71. Alama zangu za viza zikarudi 75.

Baada ya hapo unajaza maelezo ya nia kwenye SkillSelect, mfumo wa mtandaoni wenye ile foleni. Ni bure na yanakaa miaka miwili. Usijipe alama usiyo na karatasi yake. Mwaliko ukija kwa alama 90 na ushahidi ukaonyesha 85, viza inakataliwa na ada hairudi, na ada ya mwombaji mkuu inapita dola 4,500 za Australia. Ukiacha kazi, nenda ukaweke tarehe ya mwisho, la sivyo mfumo unaendelea kukuhesabia miaka usiyofanya. Kila jimbo lina orodha na masharti yake, na hubadilika mwaka wa fedha unapoanza, 1 Julai. Ukitaka wakala, dai namba yake ya usajili na uihakiki mwenyewe kwenye daftari la mawakala la Australia. Mimi sikutumia.

Ukialikwa una siku 60 za kuwasilisha ombi. Uwe umeshaweka pamoja cheti cha kuzaliwa cha RITA, pasipoti, matokeo ya mitihani na barua zote. Cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila nchi uliyoishi miezi 12 au zaidi katika miaka kumi. Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa nao tu, kwa hiyo usikimbilie hospitali ya karibu. Na linganisha jina lako kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Zainabu, pasipoti inasema Zainab. Kiapo kwa wakili, mihuri na foleni ya herufi "u" hiyo moja vilinila siku tisa kati ya zile 60.