Kumfundisha mtoto imani kwa kopo na mbegu

Usianze na mahubiri bana, mtoto atachoka. Mpe maharage matatu manne na kopo la udongo ulilotoboa chini, apande mwenyewe, kina kama sentimita 3 hivi, amwagilie bila kulowesha. Alafu subirini. Yatachomoza kama siku 5 mpaka 10, na hapo katikati ndo somo lenyewe lilipo maana atataka kufukua aone kama yameota (wangu alifukua mara mbili, yakafa), ndo unamsomea Marko 4:26-29, yule mtu anapanda, analala, anaamka, na mbegu inaota yeye hajui imeotaje.

Kwa mfano wa mpanzi, Mathayo 13, tafuta makopo manne: moja udongo ulioshindiliwa, lingine mawe na udongo kiduchu juu, la tatu acha magugu yajae, la nne udongo wenye mboji. Pandeni siku moja. Baada ya wiki 3 muulize ameona nini, usimjibie!

Kupalilia isiwe adhabu, atachukia bustani na sala pamoja. Mkivuna, mboga za kwanza ampelekee jirani kwa mkono wake mwenyewe, zinazobaki mshukuru mle.