Kabla ya kukabidhi zamu leba, sema sentensi moja
Wakunga wenzangu wa leba (wodi ya kujifungulia) hapa Moshi: ukimzalisha mama mtoto mfu, usiishie kujaza rejista. Wakati wa kukabidhi zamu, kabla hujataja vitanda, sema kwa sauti: "Leo nimepokea mtoto aliyefariki, na imeniuma." Basi. Usieleze sababu wala usijitetee, hayo yana kikao chake cha mapitio ya vifo. Mkunga huufunga moyo ili amhudumie mama, halafu dakika kumi baadaye anaitwa kitanda cha jirani kusema "hongera" mikono ikiwa bado inatetemeka. Ukitamka, mwenzako anajua asikupangie mara moja mama anayesukuma, nawe hupandi daladala ya Pasua na ule ukimya wote kifuani. (Pole ya mama inatangulia, yako isubiri.) Ukiwa peke yako zamu ya usiku, huna wa kumwambia; asubuhi mpigie mkunga mwenzako, jina la mama usilitaje. Na kama msimamizi wako ataigeuza kuwa "nani kakosea?", usiiseme pale, tafuta mtu mmoja pembeni. Wiki zikipita usingizi haujarudi, sentensi haitoshi: muone mtaalamu wa afya ya akili.